Sura ya Sita: Kilo Kabla ya Miezi

Mfugaji wa Mwanza anayetaka kuanza na ng'ombe wa maziwa huuliza kwanza habari ya damu. Huyu ana damu asilimia ngapi? Nusu? Robo tatu? Swali ni la msingi na sura hii italijibu. Lakini kuna la pili ambalo halisikiki sana mnadani, nalo lina uzito uleule: mtamba huyu atapandishwa kwa mara ya kwanza akiwa na umri gani, na siku hiyo atakuwa na kilo ngapi? Kwa maoni yangu maswali haya mawili hayatenganishiki. Damu ndiyo inayopanga uzito ambao mnyama anapaswa kuufikia kabla ya kubeba mimba, na malezi ndiyo yanayoamua ataufikia lini. Anayenunua damu kubwa bila kujiandaa kwa malezi anajinunulia miaka ya kusubiri.

Tuanze na ng'ombe tuliye naye. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na walio wengi kabisa ni zebu wa pembe fupi. Usukumani ndiye ng'ombe wa mahari, wa kukokota plau, wa kuuzwa mtoto anapopelekwa sekondari. Jike mzima ana kilo 200 hadi 250. Anavumilia kupe, anakula mabua ya mtama na mahindi baada ya mavuno, anatembea kutwa kutafuta maji. Akizaa, lita moja au mbili kwa siku ndizo zinazobaki baada ya ndama kupata haki yake. Na huzaa kwa mara ya kwanza akikaribia miaka minne.

Miaka minne hiyo haikuandikwa yote kwenye damu yake. Kati ya Juni na Septemba nyasi za Kwimba, Magu na Misungwi hukauka, na mtamba aliyenenepa wakati wa masika hurudisha nusu ya kilo alizopata. Mwaka unaofuata hivyo hivyo. Mnyama hupevuka anapofikia karibu nusu ya uzito wake wa utu uzima, bila kujali ametimiza miezi mingapi, kwa hiyo mtamba anayepanda na kushuka kila mwaka hupevuka kwa kuchelewa. Wazee wa Kisukuma walilijua tatizo hili vizuri. Ndiyo maana walitenga ngitili, eneo la malisho linalofungwa tangu mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, na ndama, ng'ombe wanyonyeshao na maksai wa plau wakipewa kipaumbele. Nitairudia ngitili baadaye kidogo, maana bado ina kazi.

Sasa tuwatazame wageni. Friesian asili yake ni Uholanzi na Ujerumani ya kaskazini. Jike mzima hufika kilo 550 hadi 650. Ayrshire wa Uskoti ni mdogo kidogo kuliko huyo. Jersey, wa kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ufaransa, ana kilo 400 hivi, na maziwa yake yana mafuta ya karibu asilimia 5, wakati ya Friesian hayafiki asilimia 4. Nchini kwetu serikali iliweka shamba la Friesian Kitulo, Makete, kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi za Juni huwa na sakitu. Mwanza ipo mita 1,140 tu. Mchana wa kawaida hufika nyuzi 28 au 30, na unyevu wa ziwa haupungui sana. Wataalamu hupima adha hiyo kwa kipimo kinachochanganya joto na unyevu, na kwa Friesian taabu huanza kipimo kikipita 72. Nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 60 hutoa 77. Katika hali hiyo ng'ombe hupunguza kula ili apunguze joto la mwilini, hupumua kwa haraka, maziwa hushuka na dalili za joto la uzazi hufifia. Friesian kamili anaweza kuishi Ilemela, na wapo wanaoishi, lakini anadai banda refu lenye hewa, maji yasiyokatika, majani ya kutosha na pumba kila siku, na mwenyewe asiyelala.

Kwa sababu hiyo chotara ndiye jibu la watu wengi, na hapa utafiti uko wazi kuliko mijadala yetu. Mwaka 1987 Patrick Cunningham wa Ireland na Ole Syrstad wa Norway walikusanya matokeo ya majaribio ya nchi nyingi za joto na kuyachapisha chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Walikuta kwamba ukianza na zebu na kuongeza damu ya Ulaya, maziwa hupanda na umri wa kuzaa mara ya kwanza hushuka, karibu kwa mstari ulionyooka, hadi unapofika nusu kwa nusu. Ukivuka nusu, faida inakuwa ndogo au inakoma, kwa kutegemea mazingira. Na ukiwapandisha chotara kwa chotara wa kizazi cha kwanza, watoto wao hushuka chini ya wazazi. Nguvu ile ya kizazi cha kwanza, inayotokana na wazazi wawili wasio na undugu, haijirudii yote kwa kizazi cha pili.

Tanzania ilikuwa imejaribu njia nyingine mapema zaidi. Kituo cha utafiti cha Mpwapwa, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1905, kilitumia miongo kadhaa kuchanganya Red Sindhi na Sahiwal wa Bara Hindi, zebu wetu, Boran na damu kidogo ya Ulaya, hadi ng'ombe wa Mpwapwa akatambuliwa rasmi mwaka 1958. Ni mnyama mzuri wa kufaa maziwa na nyama nchi kavu. Masikitiko yangu ni kwamba hakuongezwa kwa wingi wa kutosha kuwafikia wafugaji wadogo, na leo wengi hawajawahi kumwona.

Kanda ya Ziwa ina Mabuki, Wilaya ya Misungwi, shamba la serikali la kuzalisha mitamba, ambako majike ya Boran ni msingi wa kuzalisha chotara. Boran ni uchaguzi wenye akili. Ni zebu, lakini mkubwa. Jike mzima hupita kilo 350, kwa hiyo binti yake wa Friesian anakuwa na kiwiliwili cha kutosha na bado ana ngozi na miguu ya hapa. Ng'ambo ya ziwa, Kagera ilifanya kazi kubwa miaka ya 1980 na 1990 kupitia mradi wa mifugo uliosaidiwa na Uholanzi, KALIDEP. Mfugaji alikopeshwa mtamba chotara, akamweka kwenye banda karibu na migomba, na deni likalipwa kwa mtamba. Samadi ikarudi kwenye kibanja. Mfumo huo ulikuwa na sharti lililowafundisha watu zaidi ya semina yoyote: kabla hujapewa ng'ombe, uwe na banda na uwe umepanda majani.

Sasa tupige hesabu, maana hapo ndipo damu na umri vinapokutana.

Kanuni inayotumika karibu kila mahali ni kwamba mtamba apandishwe akifika asilimia 60 hivi ya uzito wa jike mzima wa aina yake, na azae akiwa na asilimia 80 au zaidi. Kwa Friesian hiyo ni kama kilo 340. Kwa chotara wa nusu ambaye majike wazima wa aina yake wana kilo 430 au 450, ni kilo 270. Kwa Jersey ni 240. Chukua mitamba watatu wa namna hizo, uwape malezi ambayo yanamwongezea kila mmoja gramu 400 kwa siku, kiwango kizuri kwa mfugaji mdogo wa kandokando ya ziwa. Jersey aliyezaliwa na kilo 25 atafika kwenye uzito wake baada ya siku 540 hivi, yaani miezi 18. Chotara aliyezaliwa na kilo 30 atafika kwa miezi 20. Friesian aliyezaliwa na kilo 40 atahitaji miezi 25. Shusha malezi hadi gramu 250 kwa siku, hali ya mabanda mengi kiangazi: chotara sasa anahitaji miezi 32, na Friesian miezi 40 kabla hata ya kupandishwa. Ongeza miezi tisa ya mimba, na Friesian huyo anazaa akiwa na miaka minne, umri uleule wa zebu wa porini, baada ya mwenyewe kulipa gharama ya ng'ombe wa kisasa. Ni kweli kwamba Friesian akilishwa vizuri hukua haraka kuliko gramu 400. Lakini hapo unazungumzia lishe ambayo wafugaji wachache wa Mwanza wanaimudu mwaka mzima.

Tofauti ya mwaka mmoja ina thamani gani? Weka chotara wawili wa damu moja, mmoja apandishwe miezi 18 na mwingine miezi 30. Wa kwanza atazaa miezi 27, wa pili 39. Tuseme kila mmoja anazaa kila baada ya miezi 15 na kukamuliwa miezi kumi kwa wastani wa lita 8. Wakitimiza miaka saba, wa kwanza amemaliza mizao minne na kutoa lita 9,600. Wa pili amemaliza mitatu na kutoa lita 7,200. Mzao wake wa nne ndio kwanza unaanza. Pengo ni lita 2,400 na ndama mmoja, na kwa mwaka mzima huyu wa pili alikula, akanyweshwa, akaogeshwa dawa ya kupe, bila kurudisha hata kikombe. Hakuna tofauti ya damu hapo. Ni mwaka wa kwanza wa ndama tu.

Kuna wanaosikia hesabu hiyo wakakimbilia upande wa pili, wakampandisha mtamba mara tu anapoonyesha joto. Tafadhali usifanye hivyo. Mtamba hupevuka akiwa na karibu nusu ya uzito wake wa mwisho, akiwa bado na nyonga nyembamba. Akibeba mimba hapo, hatari ya kwanza ni ndama kukwama, na wengi wetu tumeona ng'ombe aliyevutwa kwa kamba na watu wanne. Akipona, bado mwili wake unadai kukua. Chakula anachopata kinagawanywa kwa mifupa yake, maziwa na kujirudisha katika hali yake, na kinachoachwa mwisho ni uzazi. Hukaa miezi mingi bila kurudi kwenye joto, na mwenyewe analalamika kuwa ng'ombe ni tasa. Kwa kawaida hata mtamba aliyezaa kwa wakati hutoa robo tatu au zaidi kidogo ya maziwa atakayotoa akikomaa. Aliyezaa mdogo hutoa chini ya hapo. Ndiyo sababu dume dogo la miezi minane halipaswi kulala banda moja na mitamba.

Basi pima. Mkanda wa kupimia mifugo unauzwa, lakini hata futi ya fundi cherehani inatosha. Mtamba asimame sawasawa kwenye ardhi tambarare, kichwa kikitazama mbele. Zungusha futi kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, ibane bila kumminya, soma sentimita. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio karibu na mkia. Zidisha mzunguko wa kifua kwa wenyewe, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Kifua cha sentimita 150 na urefu wa 130 hutoa kilo 270. Huyo chotara yuko tayari. Kifua cha 135 na urefu wa 118 hutoa kilo 198, na hapo mtaalamu mzuri atamwambia mwenye ng'ombe, "Mama, huyu bado. Mwongezee chakula, niite baada ya miezi mitano." Mama atajibu kwamba ana miaka miwili tayari, daktari, na jirani yake amempandisha wa umri huohuo. Mtaalamu anayekubali fedha ya kazi hiyo anamuumiza mteja wake.

Kilo hizo huanza kujengwa siku ya kwanza. Ndama anywe dang'a, maziwa yale mazito ya mwanzo, ndani ya saa sita za kwanza, karibu sehemu ya kumi ya uzito wake. Ndama wa kilo 30 apate lita tatu. Kinga ya mama haipiti kwenye kondo la ng'ombe, hupita kwenye dang'a peke yake, na baada ya siku moja utumbo wa ndama huifungia mlango. Mfugaji anayeuza maziwa mapema na kumwachia ndama chuchu moja iliyokamuliwa anakata kilo za mtamba wake wa baadaye ili auze lita mbili leo. Najua shida zinavyobana, lakini hasara ni ya miaka.

Kisha magonjwa. Kandokando ya ziwa ndigana kali, inayoenezwa na kupe wa masikio, huua ndama chotara kuliko ugonjwa mwingine wowote ninaoufahamu, na anayepona mara nyingi hudumaa. Damu ya Ulaya ikizidi, uvumilivu kwa ndigana hupungua. Kuogesha kwa ratiba na chanjo ya ndigana kali, inayotolewa mara moja na kumkinga mnyama maisha yake yote, ni gharama ndogo mbele ya mtamba mmoja. Kwenye mabonde ya mpunga na kingo za ziwa kuna konokono wanaobeba minyoo ya ini. Mtamba anayechungwa au kukatiwa majani huko anaweza kula vizuri na bado asinenepe; kukohoa hakusikiki, kuhara hakuonekani, ila taya linavimba chini na manyoya yanakakamaa. Apewe dawa inayoua minyoo ya ini hasa, maana si kila dawa ya minyoo inaigusa.

Kuhusu chakula, Mwanza ina utajiri ambao mikoa mingi haina. Kanda hii ndiyo kitovu cha pamba nchini, kwa hiyo mashudu ya pamba yapo. Pumba za mahindi na mpunga zipo, machicha ya bia yapo mjini, vumbi la dagaa lipo kwenye mialo. Kinachokosekana kiangazi ni majani. Panda mabingobingo na lukina kwenye makinga maji, hifadhi mabua na majani ya mpunga kabla jua halijayamaliza, na kama familia bado ina ngitili, tenga kona yake kwa ajili ya mitamba. Magugu maji ya ziwani yasikudanganye kwa ukijani wake: zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ni maji.

Siku inapofika, kazi ni ya saa chache. Ng'ombe hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi. Dalili ya kuaminika ni moja: kusimama tulivu anapopandwa na mwenzake. Ute mwangavu unaovutika kama uzi na kulialia vinasaidia. Kwa wenye damu ya zebu joto ni fupi na mara nyingi huanguka usiku, kwa hiyo tembelea banda kabla ya kulala na alfajiri. Ukimwona asubuhi, ahimilishwe jioni hiyo. Ukimwona jioni, asubuhi inayofuata. Mbegu hutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, ambacho kina tawi la kanda Mwanza, na hutunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Simama karibu utazame: mrija utolewe kwa haraka, uzamishwe kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 35 hadi 37 kwa nusu dakika au zaidi kidogo, ukaushwe, uingizwe kwenye bunduki ya kuhimilisha iliyopashwa joto. Mtaalamu anayepasha mrija kwapani au kuuacha juani anaua mbegu kabla hazijaingia. Na muulize jina na namba ya dume, uandike daftarini na tarehe. Bila daftari, miaka mitatu baadaye utampandisha binti kwa mbegu ya baba yake.

Kwa mzao wa kwanza wa mtamba chotara mwenye umbo dogo, ushauri wangu ni mbegu ya Jersey. Ndama wake ni mdogo, huzaliwa kwa urahisi, na binti atakuwa mnyama anayefaa banda lenye chakula cha kadiri. Mwenye majani ya uhakika mwaka mzima anaweza kuongeza Friesian au Ayrshire hadi robo tatu. Kuvuka hapo, kwa hali ya hewa ya ziwa na kupe wake, sioni faida inayolipa gharama. Jambo moja zaidi, dogo lakini limewatia watu hasara: mtamba aliyezaliwa pacha na dume, zaidi ya tisa kwa kumi, ni tasa tangu tumboni. Usimnunue kwa ajili ya maziwa hata akiwa wa damu gani.

Halmashauri zetu zinagawa mitamba na kuendesha kampeni za uhimilishaji wa mkupuo, na matangazo huhesabu ng'ombe waliohimilishwa. Naomba zihesabu pia wangapi walikuwa na uzito wa kutosha siku hiyo, na ndama wangapi walifika mwaka mmoja. Nawe unayekwenda kununua mtamba, iwe Mabuki au kwa jirani Buhongwa, beba futi mfukoni na uombe mambo matatu: tarehe ya kuzaliwa, dume aliyemzaa, na ruhusa ya kupima kifua. Muuzaji asiyeweza kukupa hata moja, mlipe bei ya ng'ombe wa kawaida au uondoke.